Hirizi ya fedha ya marehemu bibi, sarafu yake imeandikwa 1780. Ni ya mwaka huo kweli?

#1 BintiKolo
Mbukwenyi wakuu. Naomba msaada kwa wenye kujua vitu vya kale, manake ndugu wameshaanza kugawana hela kabla hatujajua hata tuna kitu gani.

Bibi mzaa mama alifariki mwaka juzi Kondoa, umri kama tisini hivi. Kwenye sanduku lake la bati kulikuwa na mkufu ambao alishasema siku nyingi ni wangu. Ni wa fedha, mzito, umekuwa mweusi. Katikati kuna hirizi, kikopo cha mviringo saizi ya kidole gumba, kina nakshi za vidoti na kifuniko upande mmoja ambacho kimekaza hakifunguki. Halafu pembeni vimening'inizwa vitu: sarafu kubwa ya mama mmoja wa kizungu mnene kajitanda shela, imeandikwa 1780, sarafu nyingine ndogo yake ya mzungu mwenye kofia ya chuma yenye ndege juu (mwaka umesagika hausomeki), kengele mbili ndogo, na moyo bapa kama ukucha wa kidole kidogo, nyuma una vialama vimegongwa.

Bibi alikuwa anasimulia kwamba ilikuwa ya bibi yake yeye, aliyekuja na msafara kutoka Unyamwezi akiwa binti mdogo, akaugua, wakamwacha Kondoa, na hiyo hirizi alikuwa nayo shingoni siku hiyo. Mimi hiyo hadithi nimekua nayo. Sasa binamu yangu anasema 1780 maana yake ina miaka mia mbili arobaini na ushee tuuze tugawane, na sonara mmoja hapa mjini aliiweka kwenye mzani akataka kuinunua kwa gramu ayeyushe. Nikaichukua nikaondoka.

Nitajuaje ni ya lini? Picha nimeweka nne.

#2 Mzee_wa_Reli
Pole kwa msiba binti. Nianze na huyo binamu yako kabla hajala hela. Hiyo sarafu kubwa ni riale, yule mama ni Maria Theresa malkia wa Austria, alifariki 1780 na tangu hapo wameendelea kuigonga ileile na mwaka uleule 1780 mpaka leo, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameizoea na hawakutaka nyingine. Kwa hiyo 1780 pale ni kama nembo tu. Riale yako inaweza kuwa ya enzi za misafara, inaweza ikawa imegongwa juzi.

#3 Kibaigwa_Mahindi
Duh, sarafu ina tarehe ya uongo miaka yote hiyo na watu wanaipokea tu? Nimekaa hapa, endeleeni.

#4 mtoto_wa_sonara
#3 watu walikuwa wanaangalia fedha iliyomo ndani, tarehe haikuwahusu. Riale ni gramu 28 na kidogo, fedha yake 833 kwa elfu, na ukingoni ina maandishi ambayo yanaonyesha kama mtu ameikwangua. Baba yangu alikuwa sonara, na mafundi wa pwani na wa Omani walikuwa wanaziyeyusha hizohizo riale kutengeneza hirizi, bangili, vikuku, kila kitu. Kwa hiyo dada hata hicho kikopo inawezekana kabisa kilikuwa riale kabla hakijawa hirizi.

Piga picha hizi nikusaidie: mshono wa kikopo, kitanzi cha kila kidude pale kinapokaa kwenye mkufu, na mgongo wa ule moyo kwa karibu kabisa, washa tochi ya simu ielekee upande. Na tafadhali sana USIISAFISHE. Usipake majivu na ndimu, usipake dawa ya meno. Weusi ule haudhuru, ukiutoa unatoa na ushahidi.

#5 Binamu_Hachoki
Ni mimi binamu, amenitumia link. Sijasema tuuze kesho, nimesema tujue thamani. Kwani kuna ubaya gani? Kama ni ya 1780 ni ya 1780, sarafu imeandikwa.

#6 Mzee_wa_Reli
Kijana soma #2 tena taratibu.

#7 Area_D_Mwl
Naongezea kwa #2. Wanaojua hizo sarafu wanahesabu lulu kwenye kishikizo cha begani na kuangalia manyoya ya mkia wa tai upande wa nyuma, wanatofautisha ilikogongwa. Maana haikugongwa Vienna tu. 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, alipewa vyuma vya kugongea akagonga Roma kwa ajili ya vita yake ya Uhabeshi, Waingereza nao baada ya hapo wakaanza kugonga London, baadaye na Bombay. Kwa hiyo ikionekana ni ya London basi haijafika shingoni kwa mtu yeyote kabla ya 1936, iwe ya bibi au ya bibi wa bibi.

Ila kwa hiyo ndogo una bahati. Geuza. Ukikuta ngao yenye simba na mti wa mnazi ni rupie ya ile kampuni ya Wajerumani, hizo ziligongwa kati ya 1890 na 1902. Ukikuta thamani imeandikwa katikati ya majani yaliyozungushwa ni ya serikali, kuanzia 1904 walipoleta heller mia kwa rupie.

#8 BintiKolo
Asanteni jamani. Nimegeuza, ni simba na mti! Nimeweka picha mpya. Na nimepima kwa mzani wa jikoni, riale inasoma 29.3 sio 28, je ni feki?

#9 mtoto_wa_sonara
Hapana dada, umepima na kitanzi na lehemu yake. Hiyo gramu moja na kitu ndio kitanzi. Uzito peke yake hautakuambia feki mpaka utoe kitanzi, na usikitoe.

#10 Ngh'ambaku
Basi mbona imeisha, rupie mwisho 1902, msafara ulikuwepo, bibi mkuu akaja nayo. Hadithi ya marehemu iko sawa. Fungeni uzi.

#11 Mzee_wa_Reli
#10 haraka ya nini. Sarafu ya 1890 na kitu inasema mkufu haukukamilika KABLA ya hapo. Haisemi ulikamilika lini baada ya hapo. Hizo rupie zilizunguka mpaka vita na baadaye watu wakaweka ndani kama akiba, mama yangu alikuwa nazo tatu kwenye kibuyu miaka ya sitini tumeshapata uhuru, angeweza kuzipeleka kwa fundi siku yoyote.

Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Baada ya hapo mtu wa Unyamwezi hapiti kwa miguu na pembe za ndovu tena. Kwa hiyo kama bibi mkuu alikuja na msafara wa kweli ni kabla ya hapo, sana sana miaka ya 1890 au nyuma zaidi. Kama alikuja na hirizi na rupie ikiwa tayari imening'inia, nafasi ni finyu sana. Kama rupie iliongezwa baadaye, nafasi ni pana. Tofautisha umri wa kikopo, umri wa mkufu na umri wa kila kilichoning'inia, usivifunge kwenye tarehe moja.

#12 Ustadh_Makole
Assalaam alaykum. Mimi sitazungumzia tarehe. Hirizi ni jambo ambalo wanazuoni wengi wanalikataza, mtu kutegemea kikopo badala ya Mola wake. Dada usiivae kwa itikadi hiyo. Kama ndani kuna aya za Qurani basi iheshimu, usiingie nayo maliwatoni wala usiitupe.

#13 BintiKolo
Waalaykum salaam ustadh, nimekuelewa na nashukuru. Siivai. Ninaiweka kwa sababu ya bibi tu.

#14 Irangi_Damu
Ufungue ndani! Karatasi itasema yote. Ikiwa ya Mwarabu wa zamani utaona tu.

#15 Mama_Nkuhungu
#14 haitasema yote, nikupe kisa changu. Kwetu Mpwapwa kulikuwa na hirizi kama hiyo, ya babu, kila mtu anaapa ni ya enzi za misafara. Kaka yangu aliifungua 2009. Ndani kulikuwa na karatasi ya daftari la shule yenye mistari ya bluu imeandikwa kwa kalamu ya wino ya kawaida, hizi za kubonyeza. Nyumba nzima ikaanza kucheka babu katudanganya. Mpaka shangazi mkubwa alipokuja akasema nyie watoto hamjui, karatasi ikioza kwa jasho mwalimu anaandika nyingine, ilishabadilishwa mara mbili akiona kwa macho yake. Kwa hiyo kikopo kilikuwa kizee na karatasi kijana. Na kaka alivunja kifuniko, mpaka leo hakifungi. Ninaumia kila nikikiona.

Kama kifuniko kimekaza kiache.

#16 Irangi_Damu
Nimenyamaza mama.

#17 Geo_Dom
Kwa walio Dodoma hapa tuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, maabara iko mjini hapahapa. Kuna vipimo vya mionzi ambavyo havikwaruzi kitu, vinakuambia ndani ya chuma kuna fedha kiasi gani, shaba kiasi gani, zinki. Sijui kama wanapokea mkufu wa mtu binafsi, ukaulize mapokezi na uulize bei kabisa. Ila kipimo hicho hakitoi mwaka. Kitakusaidia kwenye lehemu: ikionekana na kadmiamu (aina ya metali) basi hiyo lehemu ni ya karne ya ishirini, fundi wa msafara hakuwa nayo. Na msimpoteze binti na mambo ya kupima umri kwa kaboni, chuma hakipimwi hivyo, na karatasi ya miaka mia mbili hivi kaboni inatoa jibu pana sana halina msaada.

#18 mtoto_wa_sonara
Nimeziona picha mpya. Kaeni vizuri.

Kikopo: mshono umefungwa kwa mkono, lehemu imefurika sehemu mbili, vidoti vya nakshi havilingani. Kazi ya fundi, sio ya mashine. Mkufu: pete zake zote unene mmoja kabisa na kila moja imefungwa sawasawa, huo waya naona umevutwa kiwandani. Kikopo na mkufu havikuzaliwa siku moja.

Riale: upande wa tai umelainika kama sabuni, upande wa malkia bado una nywele. Manake ilikaa imelalia kifua miaka mingi, tai ndani. Hiyo haipatikani kwa miaka mitano. Kitanzi chake kimelika karibu nusu. Lakini kitanzi cha moyo ni kinene kabisa hakijalika. Moyo uliongezwa mwishoni, au haukuvaliwa sana.

Kengele peleka sumaku. Fedha haishikwi.

#19 BintiKolo
Kengele moja imeshikwa na sumaku, moja haijashikwa!!

#20 mtoto_wa_sonara
Basi moja ni chuma kilichopakwa, ya kubadilishia iliyopotea. Unaona sasa. Mkufu ni kama nyumba ya urithi, kila mwenye kukaa anaongeza chumba.

#21 Area_D_Mwl
Mgongo wa moyo nimeukuza. Kuna nanga, kuna simba anatembea, na kuna herufi. Huo ni mhuri wa Uingereza: nanga ni mji wa Birmingham, simba ni fedha 925 kwa elfu, herufi ni mwaka. Hakuna kichwa cha malkia, alama ya kodi iliyokuwa inagongwa mpaka 1890, ingawa vitu vidogo wakati mwingine havikugongwa hivyo nisitegemee sana hapo. Herufi naona n ndogo. Kwenye mzunguko wa herufi za Birmingham ulioanza 1900, n ni 1912.

#22 Ngh'ambaku
Au ni u imepinduliwa.

#23 Area_D_Mwl
Kumbe una macho. Ikiwa u kwenye mzunguko huohuo ni 1919. Binti, msimamishe simba miguu ikiwa chini halafu usome herufi. Na tuma umbo la ngao iliyozunguka herufi, kwa sababu herufi zinajirudia kila mzunguko, kinachotofautisha ni mwandiko wake na hiyo ngao.

#24 Mzee_wa_Reli
1912 au 1919 ni mbingu na ardhi kwa Kondoa. 1912 Mjerumani ndiye mtawala. 1919 Mwingereza ameshakaa.

#25 Irangi_Damu
Mimi nimepata! Aprili 1916 jeshi la makaburu wa Afrika Kusini chini ya Van Deventer liliingia Kondoa, na Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akashambulia, makaburi ya askari yapo mpaka leo. Askari mmoja alikuwa na moyo wa mchumba wake, akaupoteza au akaubadilisha na maziwa. Moyo ukaingia kwa bibi mkuu. n = 1912 inalingana kabisa.

#26 Mama_Nkuhungu
Hadithi tamu ila mbona lazima askari. Maduka ya Wahindi yalikuwa yanauza vitu vya Birmingham kuanzia Unguja, na Unguja ilikuwa chini ya Mwingereza tangu 1890. Moyo wa 1912 ungeweza kupanda dau, kupanda treni, kufika dukani Dodoma bila risasi hata moja kulia.

#27 Chamwino_Mgogo
Wote mmesahau kitu ambacho mzee yeyote wa Ugogo angekianza nacho. Mtunya. Njaa ya 1917 mpaka 1920. Majeshi yote mawili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na watu wa kubeba mizigo, halafu mvua ikagoma. Kwetu babu alizaliwa "mwaka wa pili wa Mtunya", ndio cheti chake cha kuzaliwa. Watu waliuza kila cha thamani wapate mtama, bangili, shanga, riale, hata watoto waliwekwa rehani kwa wenye chakula. Vitu vya shingoni vilihama koo nzima kipindi kile. Samahani binti kwa hili ninalosema, lakini inawezekana hirizi haikuja na bibi mkuu wenu. Inawezekana ilikuja nyumbani kwenu kwa debe la mtama, na anayeijua hadithi yake ya mwanzo ni ukoo mwingine.

#28 BintiKolo
Nimesoma #27 mara tatu. Sikuwahi kufikiria hivyo. Bibi hakuwahi kutaja njaa kwenye hiyo hadithi lakini alikuwa hatupi hata kiporo.

#29 Binamu_Hachoki
Na mimi nimeisoma. Basi sawa kuuza tuweke pembeni kwanza.

#30 Mtumba_Ofisini
Kwa faida ya binamu na wengine: sheria ya mambo ya kale ya 1964 inahesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa cha kale kinacholindwa, na kukitoa nje ya nchi kunataka leseni. Kwa hiyo hiyo tarehe mnayotafuta si ya kujua bei peke yake. Mkikuta kikopo ni cha zamani hivyo msimkubalie mtu wa mtandaoni anayesema atatuma nauli ya ndege.

#31 Kibaigwa_Mahindi
Nimeingia kuangalia bei ya mahindi nimetoka najua lulu za Maria Theresa. Sarafu ya tundu ya senti kumi ya bibi yangu nayo ina thamani?

#32 Area_D_Mwl
Fungua uzi wako mkuu, tutakuja.

#33 BintiKolo
Mrejesho. Simba nimemsimamisha, nasoma n, lakini mguu mmoja wa herufi umesagika, mume wangu anasema ni h. Picha hiyo.

Halafu nimempigia mama mkubwa Kondoa. Anasema moyo haukuwepo yeye akiwa msichana, babu aliuleta akitoka mkonge Tanga, alikaa kule miaka miwili, na mama mkubwa anakumbuka siku fundi anauning'iniza. Nikampigia mjomba, yeye ni mdogo kwa mama mkubwa. Anasema moyo ulikuwepo siku zote, kwamba alikuwa anautafuna akiwa amebebwa mgongoni, na riale ndiyo iliyoongezwa. Wameanza kubishana kwa simu yangu.

#34 mtoto_wa_sonara
Kitanzi cha moyo kinamuunga mkono mama mkubwa. Kitanzi cha riale kinamkataa mjomba. Ila h ni 1907, hiyo inabaki.

#35 Chamwino_Mgogo
Moyo kutengenezwa 1907 au 1912 na kufika Kondoa miaka ya hamsini kwa mkono wa manamba sio ajabu, vitu vya fedha havifi. Mjomba naye asidharauliwe. Alitafuna kitu, labda kilikuwa kingine kilichopotea, kama hiyo kengele.

#36 BintiKolo
Jumamosi naenda Kondoa nao niwakalishe wote wawili, niuweke mezani mbele yao.

#37 Mzee_wa_Reli
Usiwakalishe pamoja binti. Mkubwa akisema mdogo atafuata kwa heshima na utabaki na hadithi moja. Kaa na mjomba asubuhi peke yake, mama mkubwa jioni, uwarekodi kwenye simu, na mkufu mpe kila mmoja aushike mkononi kabla hujauliza chochote. Vidole vinakumbuka.

#38 BintiKolo
Sawa mzee wangu. Napanda basi la saa kumi na mbili.